Kwa Nini Kiwanja Hicho Kilibaki Wazi

Mkutano mkuu wa kijiji ukishakubaliana kwamba zahanati ijengwe, au kwamba watoto wa kitongoji cha mbali wapate shule shikizi, hubaki maswali mawili: fedha zitatoka wapi, na jengo likae wapi. La kwanza hujadiliwa mpaka jua linazama. Kila kaya itachanga kiasi gani, wajane na wazee wasamehewe au la, nani atashika daftari, siku ya kusomba mawe ihesabiwe kwa shilingi ngapi. La pili huisha kwa dakika chache. Kuna eneo la wazi pembeni mwa kijiji ambalo halina mtu wa kugombana naye, au kuna mzee ambaye kwa moyo mweupe ametoa ekari mbili za shamba lake. Watu wanapiga makofi, mtendaji anaandika muhtasari, na Jumamosi inayofuata vijana wako na sururu wanachimba msingi. Mpima ardhi na mhandisi, kama watafika, watakuta kuta zimeshafika usawa wa madirisha. Utaratibu huu umekaa kinyume. Kiwanja ni sehemu ya kwanza ya jengo na ndiyo sehemu pekee isiyoweza kubadilishwa baadaye: bati huezuliwa likapigwa jipya, plasta hubanduliwa, hata nguzo mbovu huvunjwa na kumwagwa upya, lakini jengo likishasimama halihami. Kwa hiyo fedha za mwanzo kabisa za mradi wa jamii, kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa, zilipaswa kwenda kwa mpima na kwa mtu anayejua udongo.

Swali ambalo mkutano haukuuliza ni jepesi: kwa nini eneo hilo lilibaki wazi? Kijiji chenye njaa ya ardhi hakiachi ekari mbili zikae bure kwa miaka thelathini bila sababu. Mara nyingi sababu wanayo wakulima waliokaa kwenye mkutano huohuo. Usukumani, kuanzia Shinyanga hadi Simiyu, bonde la udongo mweusi huitwa mbuga, na wenyeji wanazijua tabia zake kuliko kitabu chochote: masika udongo unanata mpaka kiatu kinabaki nyuma, kiangazi unapasuka nyufa za kumeza fimbo ya mchungaji. Udongo wa jinsi hiyo upo pia sehemu za Dodoma na Morogoro, na kwa Kenya upo Athi River na kwenye tambarare za Kano upande wa Kisumu. Kwa mpunga na pamba ni neema. Kwa jengo jepesi ni balaa, na neno jepesi hapa lina uzito wake. Ndani ya udongo huo mna chembe ndogo sana za mfinyanzi zenye tabaka nyembamba. Maji huingia kati ya tabaka hizo na kuzitanua, kisha jua huyanyonya nazo zikasinyaa. Udongo ukilowa unavimba na kuinua kilicho juu yake, ukikauka unanywea na kukiachia. Jengo refu la zege lina uzito wa kuukandamiza. Darasa la kawaida, lisilo na ghorofa, lenye kuta za tofali na paa la bati, halina uzito huo, na ndiyo maana majengo ya jamii huumia kuliko majengo ya mjini yaliyo makubwa mara kumi.

Tena darasa haliinuliwi sawasawa. Udongo ulio katikati, chini ya sakafu, hukaa na unyevu wake karibu mwaka mzima, ilhali ule wa pembeni hulowa na kukauka kila msimu. Kuta za nje zinapanda na kushuka huku katikati kumetulia, na ukuta wa tofali, ambao unavumilia kukandamizwa lakini hauvumilii kupindwa, hupasuka kuanzia kwenye pembe za madirisha na milango. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye mbuga hata aliyeziba ufa hujenga ukuta, kwa sababu chanzo hakiko ukutani. Fundi anaujaza kwa saruji mwezi wa nane, mvua za vuli zinaufungua kando ya kiraka, na kila mwaka kamati ya shule inanunua mifuko mingine. Dawa zipo na zinajulikana. Tabaka jeusi likiwa jembamba, linaondolewa lote na mahali pake kunajazwa moramu inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Likiwa nene, msingi unapelekwa chini zaidi, mahali ambapo unyevu haubadiliki kwa msimu, na juu yake unafungwa mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka jengo lote ili litembee kama kipande kimoja. Pembezoni kunamwagwa njia ya zege kuzuia maji ya mvua yasizame kando ya msingi, na miti mikubwa haipandwi karibu. Lakini zote hizi zina sharti moja: mtu awe ameujua udongo kabla ya kuchora msingi. Kuligundua tabaka hilo baada ya lenta ni kujua ugonjwa kwenye cheti cha kifo.

Kuujua udongo hakuhitaji maabara kila mara. Yanatosha mashimo matatu au manne ya kina cha mita mbili hivi, yachimbwe kwenye pembe za jengo linalokusudiwa. Shimo moja la katikati halitoshi, maana udongo hubadilika ndani ya mita ishirini. Ukutani mwa shimo tabaka zinaonekana kwa macho: weusi unaishia wapi, changarawe inaanzia wapi, maji yanachuruzika kutoka kina gani. Watu wa barabara wana kifaa ambacho ni fimbo ya chuma yenye nyundo ya kilo 8 inayoachiwa kutoka kimo cha sentimita 57.5, idadi ya mapigo yanayohitajika kuizamisha fimbo kwa kipimo fulani inaonyesha ugumu wa ardhi, na kazi hiyo kwa kiwanja kizima humalizika ndani ya siku. Kuna hata jaribio la kasha la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 4 na kina cha 4: udongo unalowanishwa, unajazwa, unakaushwa, kisha unapimwa umesinyaa kiasi gani. Halimpi mhandisi kila anachotaka, lakini linaweza kuikomesha kamati ya ujenzi kabla haijanunua saruji.

Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo wengi wetu hatuioni. Ramani za madarasa na zahanati ambazo serikali huzituma kwenye halmashauri ni kazi nzuri kwa sehemu ya jengo iliyo juu ya ardhi. Dirisha la Kigoma linaweza kufanana na dirisha la Lindi bila madhara. Msingi hauwezi. Msingi ni mapatano kati ya jengo na udongo wa mahali pale, na mchoraji aliyekaa Dodoma hakuuona udongo huo. Bei nayo hufuata mkondo uleule. Mwishoni mwa 2021 Tanzania ilijenga madarasa 15,000 kwa mkupuo, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na kila darasa likatengewa shilingi milioni 20. Ilikuwa kazi kubwa, na watoto wengi walipata pa kukaa Januari iliyofuata. Lakini milioni 20 kwenye mwamba wa Iringa na milioni 20 kwenye mbuga ya Simiyu si fedha sawa. Kwenye mwamba, msingi unakula kidogo na chenji inakwenda kwenye rangi na madawati. Kwenye mbuga, ama msingi unapunguzwa ili paa lipatikane, ama wananchi wanachangishwa tena kimyakimya. Bei moja nchi nzima inasomeka kama haki, na kwa hakika inazuia ujanja mwingi, ila mzigo wa udongo mbaya umewekwa mabegani mwa wanakijiji waliokuwa na udongo mbaya.

Mteremko nao una hesabu yake, na hii kamati yoyote inaweza kuifanya juu ya daftari. Chukua jengo la madarasa matatu lenye urefu wa mita 27 na upana wa mita 8. Liweke kwenye ardhi inayoshuka mita 5 kwa kila mita 100, mteremko ambao kwa macho unaonekana tambarare. Ukililaza jengo kufuata mteremko, ncha ya chini itakuwa sentimita 135 chini ya ncha ya juu. Ukuta wa msingi lazima upande kimo hicho, na ndani yake kijazwe kifusi kinachokaribia mita za ujazo 146. Ukiligeuza jengo hilohilo likakaa kukata mteremko, tofauti inabaki sentimita 40, na kifusi kinashuka hadi kama mita za ujazo 43. Zaidi ya mita 100 za ujazo za kifusi, pamoja na mawe na saruji ya ukuta ulioinuka bure, zimeokolewa kwa kuligeuza jengo tu. Kifusi kirefu kisichoshindiliwa vizuri hushuka baadaye, na ndiyo sababu sakafu nyingi za madarasa huzama upande mmoja. Haimaanishi kwamba mteremko uamue peke yake. Katika nchi zetu za karibu na ikweta, jengo linalotazama mashariki na magharibi kwa upande wake mrefu huoka watoto asubuhi na jioni, kwa hiyo mpima na mhandisi wanatafuta mahali ambapo jua na mteremko vinaelewana, au wanaligawa jengo katika ngazi mbili. Uamuzi huo hauwezekani mpaka kimo cha ardhi kimepimwa. Na hata kama mpima hajafika na kifaa chake, fundi mwenye mpira wa maji na vigingi anaweza kuusoma mteremko kwa usahihi wa kutosha kuonyesha kwamba jengo limelazwa vibaya. Tatizo ni kwamba mpira wa maji hutolewa siku ya kupanga msingi, wakati uamuzi umeshapita.

Maji ndiyo shahidi mkali kuliko wote. Paa la jengo lile la madarasa matatu, pamoja na vipenu vyake, ni zaidi ya mita za mraba 200. Mvua ya milimita 50, ambayo masika ni mvua ya kawaida ya mchana mmoja, inadondosha juu yake lita zaidi ya 10,000, na bila mifereji lita hizo zote zinaangukia kando ya msingi. Hayo ni maji ya jengo lenyewe. Kuna maji ya jirani, ya kilimani, ya mto. Dar es Salaam ilipata somo la wazi pale Jangwani, ambako karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa ndani ya bonde la Msimbazi. Mabasi yalipoanza kazi 2016 mafuriko hayakukawia, na yamerudi tena na tena. Hakuna aliyehitaji ramani kujua kwamba bonde hilo hufurika, lakini ujuzi unaofahamika mtaani na ujuzi ulioandikwa kwa vipimo vya kimo na kiasi cha maji ni vitu viwili. Wazee wanakumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998, na kumbukumbu hiyo ichukuliwe kwa heshima yote. Mpima mwerevu huanza kwa kumwomba mzee amwonyeshe maji yalifika kwenye mti upi. Ila jengo la umma hukusudiwa kukaa miaka 50 au zaidi. Mafuriko ambayo kwa wastani huja mara moja kila miaka 50 yana nafasi ya asilimia 64 hivi ya kutokea angalau mara moja ndani ya miaka 50 ya jengo. Anayesema hajawahi kuyaona maji pale katika miaka yake ishirini ya kuishi kijijini anasema kweli, na bado kiwanja kinaweza kuwa kibaya. Vyoo vya shule ni hoja hiyohiyo kwa udogo wake: mashimo yakae mbali na kisima kwa mita 30 angalau, upande wa chini wa mteremko, na vitako vyake vibaki juu ya maji ya ardhini. Usipojua mteremko wala kina cha maji, umekisia afya ya wanafunzi.

Upimaji una upande wa pili, wa mipaka, na huu wananchi huuelewa haraka kwa kuwa unagusa mali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji isigawe ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Sharti hilo ni kinga nzuri, lakini muhtasari unaosema eneo limepakana na mwembe upande wa kaskazini hauna nguvu mwembe ukikatwa. Watoto wa mzee aliyetoa shamba watakua, bei ya ardhi itapanda, na mjukuu ataweka kibanda kwenye kona ya uwanja. Nairobi, tarehe 19 Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa mabomu ya machozi walipoandamana kudai uwanja wao wa michezo uliokuwa umezungushiwa ukuta. Ile ilikuwa shule ya jiji kuu, mbele ya kamera; shule za vijijini hupoteza viwanja vyao hatua kwa hatua bila kelele. Mpaka uliopimwa na bikoni zilizosimikwa pia huonyesha yale ambayo jicho halioni: hifadhi ya barabara kuu, ambayo kwa Tanzania ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na zile mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazikinga kandokando ya mito na maziwa. Alama ya X nyekundu ya kubomolewa kwenye ukuta wa zahanati iliyojengwa kwa michango ni hasara ambayo futi ya mpima ingeizuia kwa nusu siku.

Na hapa kuna mtego wa kisasa. Simu ya mkononi imewafanya watu wengi waamini kwamba mpima hahitajiki, kwa kuwa simu inatoa majira ya nukta yoyote. Simu hukosea kwa mita kadhaa, jambo ambalo kwenye uzio wa shule ni chumba kizima. Kibaya zaidi ni mfumo wenyewe. Ramani nyingi za viwanja za Tanzania, Kenya na Uganda zimesimama juu ya mfumo uitwao Arc 1960, mtoto wa kazi ndefu ya kupima pembetatu kufuata longitudo ya 30 mashariki, kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Mwanaastronomia David Gill aliianzisha fikra hiyo akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1879, na sehemu ya Tanganyika ilipimwa na mpima Martin Hotine kati ya 1931 na 1933, kilele hadi kilele. Simu hutumia mfumo mwingine wa dunia nzima. Ukichukua tarakimu za ramani ya zamani ukazitia kwenye simu bila kuzigeuza, nukta itahama takribani mita 300. Vimo navyo ni vivyo hivyo: satelaiti hupima kutoka umbo la kihesabu la dunia, na kwenye pwani yetu tofauti yake na usawa wa bahari inazidi mita 20. Mwenye kuchimba mfereji kwa vimo vya simu atashangaa maji yakimrudia.

Wapo watakaosema haya yote ni maneno ya wenye fedha. Kijiji kinahesabu misumari, kitamlipaje mpima? Pingamizi hili ni zito na halijibiwi kwa kumkejeli anayelitoa. Jibu lake liko kwenye kuhesabu vitu vyote. Siku za vijana kuchimba, za kina mama kuchota maji na kusomba mchanga, matofali ya kuchoma yaliyoteketeza kuni za kitongoji, hayo yote huandikwa kama nguvu za wananchi na kwa sababu hayakulipiwa hudhaniwa hayana gharama. Kote Tanzania yapo maboma ya madarasa na zahanati yaliyosimama bila paa, na yapo mengine yaliyopasuka kabla ya kuezekwa. Boma likiachwa, kilichopotea si mawe na saruji tu. Kamati itakaporudi kuomba mchango wa pili, kaya zitakumbuka wa kwanza. Imani ya kuchanga ndiyo akiba kubwa ya mradi wa jamii, na ni ngumu kuijenga upya kuliko ukuta. Ukiiweka hiyo kwenye mizani, malipo ya siku mbili tatu za mpima na mashimo yanayochimbwa na vijana wenyewe ni kitu kidogo sana.

Pingamizi la pili lina fahari ndani yake: babu zetu walijenga bila wapima na majumba yao yamesimama. Magofu ya Kilwa Kisiwani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, yana karne kadhaa. Ni kweli, na ustadi ule hauhitaji kutetewa. Ila Msikiti Mkuu wa Kilwa ni shahidi wa pande zote mbili. Upanuzi wake mkubwa wa karne ya 14 uliporomoka, na jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la kujengwa upya katika karne ya 15, kwa nguzo za namna nyingine. Mafundi wa Kilwa walijifunza kwa kuanguka, na walikuwa na usultani tajiri wa kulipia somo hilo. Tukisifu ya kale tunayahesabu yaliyobaki, kwa kuwa yaliyoanguka hayapo ya kuhesabiwa. Isitoshe, fundi wa kale alifanya kazi katika mji mmoja, kwenye ardhi aliyoirithi habari zake. Fundi wa leo anatoka Mbeya akajenge Bariadi, na ujuzi wake wa udongo haukusafiri naye. Hakuna aibu kwake katika hilo. Timazi na pimamaji vinamwambia kama ukuta umenyooka, haviwezi kumwambia kilicho mita mbili chini ya ukuta.

Pingamizi la tatu ndilo ningelipa uzito zaidi: kwamba majengo yanayoua watu huanguka kwa sababu nyingine. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka katikati ya Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, au darasa la shule ya Precious Talent huko Dagoretti, Nairobi, lililoua wanafunzi 8 tarehe 23 Septemba 2019, ni habari za ujenzi uliopuuza usimamizi, za mihuri na vibali. Upimaji mzuri hauzuii zege la mchanga mwingi, wala nondo nyembamba, wala maji yaliyoongezwa kwenye zege ili limwagike kwa urahisi. Kiwanja kizuri kikipata mjenzi mbaya bado kitazaa msiba. Nakubali. Lakini hoja hii inathibitisha kwamba kupima hakutoshi. Haithibitishi kwamba hakuhitajiki. Na kuna jambo lililo dogo ambalo hupita bila kuonwa: mradi ulioanza kwa karatasi za mpima na ripoti ya udongo umeshakuwa na mhandisi anayeujua kwa jina, mwenye saini yake kwenye faili, na mtu mwenye saini hurudi kukagua nondo. Mradi ulioanza kwa kamba na vigingi hauna wa kumpigia simu.

Limebaki suala la muda, na hapa serikali na wafadhili wana deni kuliko wanakijiji. Fedha zikishuka mwezi wa kumi na madarasa yanatakiwa Januari, mkurugenzi wa halmashauri hana nafasi ya kuchimba mashimo ya majaribio. Kwa hiyo yachimbwe kabla fedha hazijashuka. Kila kata inajua leo ni shule zipi zitahitaji madarasa miaka mitatu ijayo, kwa maana watoto hao wameshazaliwa. Viwanja vitatu kwa kila hitaji vinaweza kupimwa wakati wa kiangazi, bila presha ya mtu, kwa safari moja inayozungukia vijiji vitano. Watu wapo: TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017, una wahandisi wilayani ambao kupima ugumu wa ardhi ni kazi yao ya kila siku, na vyuo vya ardhi vya Morogoro na Tabora vina wanafunzi wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi chini ya wapima waliosajiliwa. Mkutano mkuu ndio uamue kati ya viwanja hivyo vitatu, ukiwa na karatasi mkononi. Mtaalamu asipewe kura ya mwanakijiji, kwa kuwa umbali wa mama mjamzito kutembea hadi zahanati ni jambo ambalo mashimo ya udongo hayalijui.

Kisha bei ile moja ya nchi nzima igawanywe mara mbili. Kuanzia jamvi kwenda juu, kiwango kiwe kimoja kama kilivyo sasa, na tofauti ibaki ya usafiri wa vifaa tu. Chini ya jamvi, kiwango kifuate ripoti ya kiwanja: mwamba na changarawe kivyake, udongo wa kawaida kivyake, mbuga kivyake. Watu wa hesabu watahofia kwamba kila kijiji kitajitangaza kuwa kiko mbugani ili kipate nyongeza, na hofu hiyo ina mashiko. Lakini kati ya vitu vyote vya ujenzi, huu ndio mgumu kudanganya. Saruji iliyopunguzwa kwenye zege hujificha ndani ya ukuta kwa miaka. Shimo la majaribio linaweza kuachwa wazi, limezungushiwa miba mbuzi wasiingie, mpaka mkaguzi afike na futi yake, na rangi ya udongo ukutani mwa shimo haibadiliki kwa muhuri wa mtu.